Walioingia Majini, Waliotoka

Jumatatu, 3 Machi

Hali ya hewa: mawingu, upepo mdogo. Walioingia majini: wawili. Waliotoka: wawili. Hakuna tukio.

Mkono umeandika wenyewe. Miaka ishirini na sita nilikuwa polisi wa majini, na kila siku kitabu cha zamu kilidai mambo hayo hayo: hali ya hewa, walioingia, waliotoka. Hesabu ikilingana unaandika "hakuna tukio", unatia sahihi, unakwenda kula. Kila askari anajua kwamba "hakuna tukio" ndio uongo mkubwa kuliko wote katika vitabu vya polisi, lakini unafupisha kazi. Nilistaafu mwaka juzi nikiwa sajenti, nikaapa sitashika kitabu tena. Sasa binti yangu amenirudisha majini, na mtu hawezi kuingia majini bila kitabu.

Binti yangu ni Aciro, miaka ishirini na miwili. Jicho lake la kulia limekufa. La kushoto linaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ugonjwa wenyewe ni presha ya macho. Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Mengo, hapa hapa Kampala, hadi mwaka jana, alipoanza kuwakanyaga watoto waliokaa pembeni yake, akaacha mwenyewe kabla hajaambiwa.

Tarehe 31 Mei kutakuwa na watu wa kuogelea kilomita mbili ziwani, kukusanya michango ya utafiti wa magonjwa ya macho. Aciro amejiandikisha bila kuniuliza. Sheria inasema asiyeona vizuri lazima afungwe kamba na mwenzake anayeona. Nilikataa siku nne. Ziwa hili nalijua kwa mabaya yake. Nimetoa humo watu ambao mama zao hawakuwatambua. Ndiyo maana niliwafundisha kuogelea askari mia kadhaa na sikumfundisha mtoto wangu hata mmoja. Aciro alijifunza kwa siri chuoni, kwa rafiki yake Lanyero.

"Baba," aliniambia jana, "wewe nafundisha polisi yote, halafu mimi nafundishwa na Lanyero. Hiyo si aibu?"

Ilikuwa aibu. Nikakubali.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hatukwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Tunafanya mazoezi kwenye bwawa la hoteli moja Kabalagala, asubuhi, wakati wahudumu wa baa bado wanafagia vizibo vya chupa za jana. Kamba ina urefu wa mita moja na nusu, kutoka paja langu hadi paja lake. Tumekubaliana ishara: vuta mara moja, kushoto; mara mbili, kulia; mara tatu, simama.

Nilisahau kumpa ya tatu. Akapiga ukuta kwa kichwa. Nilidhani atalia, kumbe anacheka huku ameshika paji la uso.

"Afande," akasema, "kama hivi ndiyo ulikuwa naokoa watu, Mungu awarehemu."

Walioingia wawili, waliotoka wawili, mmoja ana nundu.

Jumamosi, 15 Machi

Anaogelea vizuri kuliko mimi. Nimeandika mara moja, sitarudia.

Jumatano, 19 Machi

Mvua kubwa usiku kucha, maji yameingia jikoni. Namalwa, mke wangu, ameyachota kwa sufuria huku akiitukana Old Kampala yote na vilima vyake. Yeye ni Mbukusu wa Bungoma. Kwa miaka ishirini na mitano ameshindwa kunifanya niseme Kiswahili kizuri, lakini amefaulu kunifanya nikiandike.

Saa moja jioni, dawa. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu ugonjwa ulipojulikana, miaka minne sasa. Aciro hukaa kwenye kiti cha chini, anaegemeza kichwa nyuma kwenye magoti yangu, nami naweka tone moja kila jicho. Hata lililokufa, maana daktari amesema lisipopata dawa litauma. Sijawahi kukosa. Mkono wangu wa kushoto hauna kidole cha nne, kilikwenda na injini ya boti mwaka 2004, lakini unafungua kope za mtu kama mkono wa mkunga. Aciro alipokuwa mdogo alipenda kuhesabu vidole vyangu. Moja, mbili, tatu, tano.

Jumamosi, 22 Machi

Leo tulikwenda kwa daktari Erinayo kuchukua karatasi ya ruhusa ya kuogelea. Ndiye anayeongoza huo utafiti. Ni Muganda mwembamba anayeongea kama redio isiyozimwa, na leo alinichosha kabla sijakaa.

"Afande, hii plesha ya macho hailii, haiumi. Naiba tu pole pole. Ndiyo maana tunataka familia, tupime damu, tuone nani nalithi kwa nani. Kwa familia yako kuna mtu mwingine na macho mbaya?"

"Hakuna," nikasema.

"Wewe mwenyewe tukupime leo?"

"Mimi niko sawa. Polisi nilipimwa kila mwaka."

Akanipa fomu, na penye swali la ugonjwa katika ukoo nikaandika kwa mkono wangu: hakuna. Sikudhani nadanganya. Ni kweli kwamba jioni natembea nikishika ukuta, lakini nina miaka hamsini na minane.

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idi. Tangu alfajiri kilima chote kimejaa kanzu nyeupe, na majirani wametuletea pilau sahani tatu. Namalwa anasema hakuna haja ya kupika hadi Alhamisi. Hakuna mazoezi.

Jumamosi, 5 Aprili

Mara ya kwanza ziwani. Maji ya kahawia kwa sababu ya mvua. Nilipomwona ameingia hadi shingoni, nilikagua tena fundo la kamba. Akanivuta kamba mara moja, mara mbili, mara tatu, ishara zote kwa pamoja, ambazo hazina maana yoyote.

"Unataka nini?" nikauliza.

"Kujua tu kama bado uko huko."

Tuliogelea mita mia sita. Lanyero alitusindikiza ubavuni. Nilikuwa nikimwona msichana wa kujionyesha, mwenye kucha ndefu na kelele, na bado nadhani hivyo, ila anajua mawimbi.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Aciro amefanya mazoezi kitandani, analala kifudifudi na kupiga mikono hewani. Namalwa ameuliza kama tumezaa samaki.

Jumatatu, 21 Aprili

Jumatatu ya Pasaka. Naandika polepole, kwa sababu leo sijui nianze na hali ya hewa ipi.

Bonny alikuja kula. Bonny ni rafiki yangu tangu ukuruta. Bado yuko kazini, dereva wa boti, na siku ya tarehe 31 ndiye atakayeendesha boti ya uokoaji. Tulikula kuku, tukanywa kidogo, na Bonny akilewa kidogo huanza kumbukumbu.

"Santo, wewe nakumbuka ile siku ya daktari? Askari thelathini kwa laini, nusu yetu haioni herufi ya chini, na sisi yote napita!"

Ni kweli. Kwa daktari wa polisi kulikuwa na ubao mmoja wa herufi, ule ule kila mwaka. Wa kwanza akitoka aliwanong'onezea wa nyuma, hadi tukaugeuza kuwa wimbo wa kukimbilia mchakamchaka asubuhi. Mimi sikuwahi kuona chini ya mstari wa tatu. Nisingeimba, wangenitoa botini. Bonny akaanza kupiga meza kwa viganja:

"E! Iko peke yake! F na P! T, O, Z!"

Na kutoka jikoni Aciro akapokea kwa sauti ya kuruta: "L, P, E, D!"

Tulicheka wote. Huo wimbo nilimfundisha mimi, akiwa na miaka mitano, nikimzungusha kambini juu ya mabega yangu. Askari walimpa pipi kwa sababu yake. Namalwa alikuwa akitupigia makofi.

Aciro akaja na sinia ya vikombe, akakaa, bado anacheka.

"Hata mimi napita nayo," akasema. "Ile siku watu ya macho nakuja shule ya kambi. Niko darasa la tano. Wananiambia funga jicho ya kushoto, soma na ya kulia. Nafunga. Naona nini? Ile E ya juu tu, chini yake ukuta nyeupe! Halafu nakumbuka ni ubao ya Baba. Nikasema yote mpaka chini. Daktari nasema vizuri sana. Wenzangu wenye nafeli napewa miwani kubwa ile ya plastiki, shule yote nawaita jaja, bibi kizee. Mimi napona!"

Bonny alicheka mpaka machozi. Namalwa alicheka. Mimi nilikuwa na kipande cha kuku mdomoni, nikashindwa kukimeza na kukitema.

Darasa la tano ni miaka kumi. Ugonjwa ulijulikana alipofika kumi na minane, na wakati huo jicho la kulia lilikuwa limeshakwisha. Miaka minane.

Aciro hakuona chochote usoni kwangu. Aliendelea kumimina chai, akiweka ncha ya kidole ndani ya kikombe ili ajue imefika wapi.

Jumanne, 22 Aprili

Hali ya hewa: jua. Hakuna tukio.

Jumatano, 23 Aprili

Nilikwenda kwa Erinayo peke yangu. Namalwa nilimwambia nakwenda kutazama viatu.

Nilimuuliza kama anayeuliza habari za mtoto wa jirani. Mtoto wa miaka kumi, jicho moja limeanza kuharibika, akigunduliwa siku hiyo, itakuwaje?

"Kwa miaka ile, Afande? Hiyo jicho tunaokoa. Dawa, pengine upasuaji ndogo. Na ya pili isingeguswa hivi. Kwa nini nauliza?"

Nikamwambia anipime mimi. Akanikalisha mbele ya ubao. Sijui ni nini kilinipata. Nilifumba jicho moja, nikafungua mdomo, na herufi zikatoka zenyewe, E, F na P, T, O, Z, mstari hadi mstari, hadi zile ndogo kama mchanga. Sikuwa nimeangalia hata moja.

Erinayo aliweka kalamu chini.

"Afande," akasema, "hii wewe nasoma ama nasali?"

Akautoa ubao ule, akaweka mwingine wenye herufi nyingine. Niliona mistari miwili. Kisha akaniwekea kidevu kwenye mashine, ikanipulizia hewa machoni, akapima tena na tena.

"Na wewe iko nayo. Kwa muda mrefu. Kwako natembea pole pole, kwa mtoto nakimbia. Ndiyo hiyo nasema kulithi."

Alinishika bega. Nilikuwa nikimwona mropokaji. Leo nimeona kwamba huongea sana ili watu wasipate nafasi ya kuogopa. Akanipa chupa ya dawa, ile ile ya Aciro, na kuniambia nimlete tuzungumze pamoja.

Nimeificha chupa ndani ya buti la kazi. Nilimpa ugonjwa, halafu nikampa na wimbo wa kuuficha. Hata adui hawezi kupanga vizuri hivyo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Hakuna tukio.

Jumamosi, 26 Aprili

Mita elfu moja na mia mbili. Walioingia wawili, waliotoka wawili. Ndani ya maji anavuta kamba mara kwa mara kujua kama niko. Niko, namvuta kumjibu. Kila anapovuta, ni kama kisu kinanifikia.

Ijumaa, 2 Mei

Saa moja jioni, dawa. Kichwa chake magotini kwangu. Nilikosa, tone likaangukia shavuni. La kwanza katika miaka minne.

"Baba, wewe nazeeka?"

"Nazeeka," nikasema.

Jumanne, 6 Mei

Mvua, umeme umekatika tangu mchana. Namalwa ameniona naandika.

"Baba Aciro, unaandika nini kila siku na huli?"

"Hali ya hewa."

"Hali ya hewa gani inakukondesha hivyo? Sema. Una mwanamke?"

"Sina."

"Basi ni mbaya kuliko mwanamke," akasema, akarudi jikoni. Nilitaka kumfuata. Sikumfuata.

Jumapili, 11 Mei

Misa. Padri alisoma habari za mchungaji mwema na kondoo wanaoijua sauti yake. Nilitoka kabla ya komunyo, nikasimama nje na walinzi wa magari.

Jumamosi, 17 Mei

Kilomita mbili kamili! Aciro alipotoka alikaa kwenye mchanga akalia kwa furaha, na Lanyero akamkumbatia huku kucha zake ndefu zikimkwangua mgongo. Watu wengi wameahidi michango kwa jina lake, wazazi wa watoto aliowafundisha Mengo, majirani, hata shehe wa mtaa wetu. Wenye shughuli wamemwomba aseme maneno machache ufukweni baada ya kuogelea.

"Nitasema juu yako," akaniambia njiani.

"Usiseme juu yangu."

"Wacha kujifanya mnyenyekevu. Haikufai."

Ijumaa, 23 Mei

Fulana zimefika. Aciro aliagiza nne bila kutuambia, za bluu, moja kwa kila mtu wa nyumba na moja ya Lanyero. Kifuani zimeandikwa: JICHO LA BABA. Alinivalisha mwenyewe, akapapasa herufi kifuani pangu kuhakikisha kwamba hazikukunjana.

"Kwa sababu ndani ya maji," akasema, "wewe ndiyo jicho yangu."

Namalwa alipiga vigelegele. Nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka waliponiita kula. Nikaapa kwamba kesho nitasema, hata kama ulimi utakatika.

Jumamosi, 24 Mei

Hali ya hewa: mawingu asubuhi, baadaye jua. Walioingia majini: hakuna.

Tulikuwa kwenye benchi la bwawa Kabalagala. Nilikuwa nimeshafunga kamba kwenye paja langu, nafunga kwenye lake. Nikasema nikiwa nimeinamia fundo, sikuweza kuinua kichwa. Nilisema yote kwa mpangilio kama ripoti: ubao, wimbo, laini ya askari, siku ile ya darasa la tano, maneno ya Erinayo juu ya jicho la mtoto wa miaka kumi, mashine, chupa iliyo ndani ya buti. Mhudumu wa baa alikuwa akisukuma viti, na ninapokumbuka naisikia miguu ya viti ikikwaruza sakafu.

Aciro alisubiri nimalize kufunga fundo. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mwalimu.

"Ile siku ya kupimwa, wewe ulikuwa najua iko mgonjwa?"

"Sikujua. Nilijua sioni vizuri tu."

"Kama ungesema ukweli kwa daktari, wangekutoa kwa boti."

"Ndiyo."

"Lakini wangekutibu, na sisi watoto wangetupima."

"Ndiyo."

"Kama ulikuwa najua hiyo, ungesema?"

Kuna maswali ambayo baba yeyote anayajibu kabla hayajamalizika. Mimi nilianza kufikiri. Mungu wangu, nilifikiri. Niliiona boti, nikaona nyumba ya kambi ambamo yeye alizaliwa, nikajiona kijana mwenye sare mpya ambaye kijijini Kitgum walimchinjia mbuzi kwa sababu ya kazi ile. Pengine zilikuwa sekunde tatu. Kisha nikasema, "Ningesema."

Lakini mtu asiyeona huhesabu vizuri kuliko sisi, na Aciro alikuwa ameshahesabu.

"Sawa, Baba," akasema.

Akainama, akatafuta fundo kwa vidole, akalifungua. Hakulivuta kwa hasira. Aliikunja kamba vizuri kama tulivyozoea, akaiweka kwenye mkoba wake, akaomba nimpeleke nyumbani. Njia nzima alishika mkono wangu, maana hakuwa na mwingine wa kushika.

Jumapili, 25 Mei

Nilimweleza Namalwa. Nilitegemea anitukane kwa Kibukusu, lugha anayoiwekea mambo mazito. Alikaa chini penye mlango wa jikoni.

"Na mimi nilikuwa napiga makofi," akasema. "Mkiimba, mimi nilikuwa napiga makofi."

Tangu wakati huo hajaniangalia, na najua hajakasirika.

Jumatatu, 26 Mei

Saa moja jioni nilikaa kwenye kiti, chupa mkononi. Aciro alipita, akaichukua kutoka mkononi mwangu taratibu, akaingia chumbani kwake.

Jumatano, 28 Mei

Lanyero alikuja kuniona, hana kelele, amekata kucha zote. Alisimama mlangoni kama askari aliyekosa.

"Mzee, Aciro ananiomba nifunge kamba na yeye. Mimi sitaki kuchukua mahali yako. Nafanya nini?"

"Ifunge," nikamwambia. Nikamweleza kwamba Aciro huvutwa upande wa kulia akichoka, kwamba akivuta mara tatu mfululizo bila mpango hataki kusimama, anataka tu kujua kama mtu yuko. Amjibu kila mara. Nikamsisitizia hilo: amjibu kila mara.

"Ndiyo, Mzee," akasema. Alikuwa analia. Nilikuwa nimemkosea sana binti huyu kichwani mwangu.

Jumamosi, 31 Mei

Hali ya hewa: asubuhi shwari, saa tatu upepo kutoka kusini, mawimbi, mvua kwa mbali.

Bonny alinichukua botini mwake kuhesabu vichwa, kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Walioingia majini: sitini na mmoja. Aciro alikuwa amevaa fulana ya bluu, ameigeuza nje ndani. Hakujua kwamba niko botini, au hakuuliza.

Walipofika kwenye boya la katikati upepo ukabadilika. Wa mbele walikuwa wameshakaribia ufuko, wa nyuma wakaanza kupandishwa kwenye boti nyingine mmoja mmoja. Aciro na Lanyero walibaki wa mwisho, kama mita mia saba kutoka ufukweni. Wimbi lilikuwa linampiga Aciro upande wa kulia, ule ambao haoni kabisa, kwa hiyo kila moja lilimkuta hajajiandaa. Akameza maji, akakohoa, akaendelea.

"Santo, tumtoe," Bonny akasema. "Sheria ndiyo hiyo."

Nilimwona akivuta kamba. Mara tatu, ovyo. Nikamwona Lanyero akimjibu.

"Usimtoe," nikasema. "Weka boti kulia kwake. Pole pole. Mita kumi."

Bonny akanitazama, akaelewa. Akaileta boti upande wa wimbi, akaiacha itembee kwa mwendo wa mtu anayeogelea, na mawimbi yakawa yanavunjikia ubavuni kwetu badala ya usoni kwake. Tulilowa mpaka mifupa. Tulikwenda hivyo hadi maji ya magoti. Nilikuwa upande wake wa giza, na injini ilikuwa kubwa kuliko sauti yangu, kwa hiyo niliweza kumwambia mambo mengi ambayo sitayaandika hapa.

Boti ikafika kabla yao kidogo. Niliruka, nikasimama kwenye mstari wa watu wanaogawa mataulo na dawa ya kichocho. Watu walikuwa wanapiga makofi na kuita jina lake. Lanyero alimfungua kamba, akamwelekeza mbele, na Aciro akaja peke yake, amenyoosha mkono, macho mekundu kwa maji. Nikampa taulo. Vidole vyake vikagusa mkono wangu wa kushoto, vikapita cha kwanza, cha pili, cha tatu, vikafika penye pengo, vikasimama hapo.

"Asante, ssebo," akasema.

Ni "bwana" kwa Kiganda, hivyo ndivyo anavyomwambia mwenye duka, au mtu aliyempisha njiani. Nilitafuta neno langu, nikakuta kwamba ninalo moja tu, lile la kumwita bibi usiyemjua.

"Karibu, nyabo," nikasema.

Akaenda kusema maneno yake machache. Alizungumza juu ya Lanyero, juu ya mama yake, juu ya daktari Erinayo, na juu ya watoto: pelekeni watoto wapimwe, akasema, na wakipimwa muwaambie waseme wanachokiona, wasiseme kinachotakiwa. Watu walipiga makofi sana. Nilipiga pia.

Waliotoka majini: sitini na mmoja.

Jumapili, 1 Juni

Mvua tangu asubuhi. Mahujaji wanaokwenda kwa mashahidi wa Namugongo wamepita chini ya kilima na miavuli na magunia kichwani, wakiimba.

Fulana zimefuliwa, zinaning'inia barazani, ya Aciro bado iko nje ndani.

Saa moja jioni nilitoa chupa yangu kwenye buti, nikakaa kitandani, nikainua kichwa. Kumbe mtu hawezi kulenga jicho lake mwenyewe. Tone la kwanza likaenda shavuni, la pili sikioni. Ukuta wetu ni mwembamba. Chumba cha pili nilimsikia Aciro anahesabu kwa sauti ndogo, moja, mbili, halafu anafyonza kwa kukosa, halafu anaanza tena. Nilikuwa nimekaa na mkono wangu hewani, mkono usiokosa jicho la mtu. Alikosa mara nne. Hakuniita, wala sikumwita.